Kura za Pembeni

Watu wa bondeni walianza kupanda Irindi kabla jua halijapata nguvu, na kituo pekee cha kupigia kura kilipofunguliwa walikuwa wamejaa uwanja wa shule mpaka kwenye matangi ya maji. Walikuja kwa gari la kamba, lile lililojengwa kupandishia mabomba na vipuri vya nyavu za ukungu, wamesimama ndani yake bega kwa bega na nguo zao za kanisani. Hakuna aliyewadhania kuwa wanachama wa chama cha Mnara. Walikuwa watu wa Chama cha Chemchemi tangu wazazi wao, na siku hiyo walikuwa wamepanda mlima kupiga kura katika mchujo wa wapinzani wao, kwa sababu sheria iliwaruhusu.

Injinia Wakesho Mwadime aliwatazama kutoka barazani bila wasiwasi wowote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, mtu ambaye akikuambia kitu kitafanya kazi unaacha kuuliza maswali. Yeye ndiye aliyekibuni kipimania, kifaa cha kupima nia ya mpiga kura, na bila kipimania sheria ile isingepita kamwe.

Ilikuwa hivi. Katika kaunti ya Irindi, Mnara ulikuwa haujawahi kushindwa. Watu wa juu, wanaoishi kwenye vilele ambako nyavu za ukungu hunasa maji usiku kucha, walikuwa wengi kuliko watu wa bondeni, na wote walikuwa Mnara. Aliyepata tiketi ya chama hicho alikuwa gavana tayari; uchaguzi mkuu ulikuwa wa kupiga muhuri tu. Watu wa bondeni, ambao mvua iliwasahau tangu enzi za babu zao na ambao maji yao yote huteremka kwa mabomba kutoka juu, walilalamika miaka mingi kwamba gavana wao huchaguliwa katika chumba wasichoruhusiwa kuingia. Hatimaye Bunge likapitisha kwamba raia yeyote anaweza kupiga kura katika mchujo wa chama kimoja anachokitaka, kiwe chake au kisiwe chake. Vyama vikubwa vikapiga kelele. Vikasema wapinzani watavamia michujo yao na kuwachagulia mgombea dhaifu makusudi, ili wamwangushe baadaye. Wakesho ndiye aliyewanyamazisha.

Kifaa chenyewe hakikuwa na makuu. Mpiga kura alimchagua mgombea wake kwenye kioo, kisha akashika kishikio cha shaba kilichokuwa chini yake, na kioo kikamuuliza kwa maandishi: Unataka huyu ashinde? Hakutakiwa kujibu. Kishikio kilisoma mapigo ya damu, jasho la kiganja, joto la vidole, na jinsi misuli midogo ya mkono inavyojikaza mtu anapofanya jambo ambalo moyo wake haulitaki. Taa ya kijani ikiwaka, kura inaingia kwenye hesabu. Ya manjano ikiwaka, kura inawekwa pembeni. Haichanwi wala haitupwi, lakini haihesabiwi mpaka mwenyewe akate rufaa na kupimwa upya.

Mpaka saa nne asubuhi taa za manjano zilikuwa zimewaka mara nyingi kuliko alivyotarajia. Watu wa juu waliingia, wakashika, wakapata kijani, wakatoka wakicheka. Watu wa bondeni waliingia, wakashika, wakapata manjano, mmoja baada ya mwingine. Wengine walitikisa kichwa na kurudi kwenye gari la kamba. Bwana Nyambu Mwakireti, katibu wa Mnara, mzee nadhifu mwenye fimbo asiyoihitaji, alikuja barazani kumpongeza. Alimwambia kwamba alikuwa na mashaka na kifaa hicho, na sasa mashaka yameisha. Wavamizi wanakamatwa mlangoni kama kuku kwenye tenga. Wakesho alishukuru. Alijisikia vizuri, hakukana. Baada ya mchujo huu Tume ya Uchaguzi ilikuwa ikipeleka kipimania katika kaunti zote za nchi, na ilichokuwa ikingojea ni sahihi yake tu, kwamba huko Irindi kifaa kilifanya kazi ipasavyo.

Ndipo mama mmoja wa bondeni alipopata taa ya manjano na akakataa kutoka.

*

Jina lake Bi Wawuda Mkanyika. Alikuwa na kitalu cha miche kule bondeni, michungwa na mipapai na miti ya kivuli, na nusu ya miti iliyosimama katika upande ule wa kaunti ilikuwa imepitia mikononi mwake ikiwa na urefu wa kidole. Karani alimweleza kwa upole kwamba kura yake imewekwa pembeni. Bi Wawuda akamwambia, kwa upole vilevile, kwamba hakupanda mlima kuja kuwekwa pembeni. Alitaka rufaa. Rufaa zilikuwa kazi ya Wakesho mwenyewe, kwa hiyo akampeleka katika darasa lililokuwa tupu, ambako kipimania cha pili kilikuwa juu ya meza ya mwalimu.

Hakuja peke yake. Alifuatana na jirani yake Maghanga, fundi wa pampu za maji, mwanamume mnene mwenye uso wa furaha, ambaye alisema amekuja kumshikia mkoba tu.

Wakesho alimweleza mama utaratibu, akamfutia kishikio kwa kitambaa, akampima. Manjano. Akamwacha akae, akampa maji, akampima tena. Manjano. Alikuwa ameshaanza kuandaa maneno ya kumshukuru na kumuaga, lakini kitu katika mkao wa mama yule kilimzuia. Waongo aliowapima maabara walikuwa na haraka ya kuondoka. Huyu alikuwa ametulia kwenye kiti kama mtu aliyekuja kukaa.

Akamuuliza amempigia nani, akimwambia kwamba halazimiki kujibu. Bi Wawuda alijibu bila kusita. Amempigia Mkamburi Mghalu, yule mama aliyekuwa mwalimu mkuu zamani, aliyeahidi kwamba mabomba ya bondeni hayatafungwa wakati wa ukame. Mpinzani wake, Mwachofi, alikuwa ametangaza katika kila mkutano kwamba akiwa gavana atajenga koki kubwa hapo juu, na ufunguo wake utakaa juu.

"Na unataka Mkamburi ashinde?" Wakesho aliuliza. "Au unataka tu Mwachofi asishinde?"

"Mimi si wa chama chenu na sitakuwa," Bi Wawuda alisema. "Mwenyezi Mungu akinipa gavana wa Chemchemi nitashangilia kuliko wote. Lakini hajanipa. Kwa hiyo ukiniuliza kama nataka yule mwalimu ashinde, nataka. Nataka mpaka tumbo linaniuma."

"Kifaa kinasema mwili wako unakataa."

"Mwili wangu unaogopa. Yule mama akishindwa, miche yangu inakauka nikiitazama. Nikisikia jina lake mikono inakuwa baridi. Wewe, Injinia, hujawahi kutaka kitu huku unakiogopa?"

Akili ya Wakesho ilikuwa imerudi chuoni, katika mji mkuu, katika chumba chenye zulia alikokisanifia kipimania. Alikuwa amewatumia wanafunzi. Aliwapa wagombea wa kubuni, akawaambia nusu yao wapige kura kwa dhati na nusu wapige kwa hila, akakifundisha kifaa kutofautisha. Na kilitofautisha vizuri sana. Wenye hila walijikaza, viganja vikapoa, damu ikaenda mbio. Wenye dhati walikuwa watulivu. Bila shaka walikuwa watulivu. Wagombea wale walikuwa hewa. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja ambaye angekosa maji ya kunywa kama mgombea wake angeshindwa.

Maghanga, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa jirani yake, akacheka chinichini. Wakesho alimgeukia. Fundi akasema anaomba radhi, ila ni jambo la kuchekesha, maana yeye amepata kijani.

Akaombwa aeleze, akaeleza bila kuona haya. Yeye na wenzake kadhaa wa bondeni wamempigia Mwachofi. Mwachofi hapendwi hata huku juu. Ana mdomo, ana kiburi, watu wa nyavu wenyewe wamemchoka. Akipewa tiketi, Chemchemi itapata mwanya katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza katika historia. Mkamburi akipewa tiketi, hakuna atakayemgusa.

"Kwa hiyo ulikuja kwa hila," Wakesho alisema.

"Hila tupu," Maghanga akakubali. "Lakini kifaa chako hakikuniuliza hilo. Kiliniuliza kama nataka ashinde. Nataka, tena sana. Ashinde leo, tumwangushe baadaye."

Wakesho alimwomba akae, ashike kishikio, ampigie Mwachofi mara nyingine. Maghanga alikaa, akashika kwa mkono wake mkubwa uliozoea spana, na uso wake ukachanua. Kijani. Taa iliwaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka siku hiyo.

Bi Wawuda alimgeukia jirani yake. Hakuwa amejua. Alimwambia, kwa sauti isiyopanda, kwamba amepanda gari moja naye, wamegawana mkate njiani, na muda wote huo mwenzake alikuwa anakwenda kuweka ufunguo wa maji yao katika mkono wa Mwachofi. Maghanga alisema kwamba siasa ina hesabu zake. Mama akamnyang'anya mkoba wake.

*

Alasiri kituo kilifungwa na Bwana Nyambu akaja darasani kuchukua sahihi. Alimkuta Wakesho amekaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigusa ubao wake, akikitazama kipimania kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyefanya jambo baya hadharani.

Katibu alianza kumwambia jinsi kura zilivyokwenda. Wakesho aliinua mkono na kumkatiza. Alimwomba asimtajie anayeongoza. Akishajua, alisema, hataweza kuamua lolote ambalo yeye mwenyewe ataliamini.

Kisha akamweleza yote. Kipimania hakikamati hila. Kinakamata hofu. Mwenye hila aliyefurahi anapita, na mkweli mwenye hofu anawekwa pembeni, na siku hiyo watu wenye hofu karibu wote walitoka bondeni.

Nyambu hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti, akakaa, akaweka fimbo magotini, akatoa hoja yake taratibu. Alisema chama ni cha wenyewe. Mtu akiwa na harusi, jirani akija kula anakaribishwa, lakini hamchagulii mwenye harusi bwana. Watu wa bondeni wana chama chao. Kama ni kidogo, wakikuze. Na hata kama kifaa kina kasoro, kimewazuia watu ambao, wakweli au waongo, hawana mapenzi na Mnara. Kuna ubaya gani?

Hoja hiyo ilikuwa na uzito na Wakesho aliusikia. Yeye mwenyewe alizaliwa juu. Alikulia chini ya nyavu, akisikia matone yakianguka kwenye mifereji, na kadi ya Mnara ilikuwa katika mkoba wake. Alimjibu kwamba kama Mnara unataka mchujo wa wanachama peke yao, uende Bungeni ukaidai sheria hiyo mchana kweupe, na huenda ukaipata. Sheria iliyopo inasema kila raia. Kazi ya kifaa ilikuwa kuzuia udanganyifu, na hakijauzuia. Kimewazuia watu wenye kitu cha kupoteza.

Katibu alifikiri, kisha akaja na njia nyingine. Alisikia kwamba kifaa kina kikomo, kiwango kinachotenga kijani na manjano, nacho kinaweza kushushwa. Je, Injinia hawezi kukishusha kidogo, baadhi ya kura za pembeni zikaingia, kila mtu akapata chake, naye akatia sahihi kifaa chake kikaenda nchi nzima?

Hapo ndipo palipouma. Kikomo kilikuwepo, na Wakesho alikuwa amekiwaza tangu mchana. Angeweza kukishusha kwa kugusa kioo mara moja. Lakini akishushe mpaka wapi? Akikishusha kidogo, anaingia huyu na kuachwa yule. Akikishusha sana, wanaingia wote, na kifaa kinakuwa pambo. Katikati hapo hapakuwa na mahali hata pamoja palipokuwa haki; palikuwa na mahali pa Mwachofi kushinda, na labda mahali pa Mkamburi kushinda, na mkono wa kuchagua ulikuwa wake. Maelfu ya watu wamepanga foleni juani, na uamuzi umebaki kwenye kidole kimoja.

"Bwana Nyambu," alisema, "shika hiki kishikio."

Mzee alisita. Wakesho akawasha kioo, akamwomba amchague mgombea wake, yule anayemtaka kwa moyo wote. Nyambu alikuwa mtu wa Mwachofi na hakuwahi kuficha. Walisoma pamoja, walianzisha pamoja ushirika wa nyavu. Akamgusa Mwachofi kwenye kioo. Akashika shaba. Swali likatokea: Unataka huyu ashinde?

Taa ilikaa gizani kidogo, kisha ikawaka manjano.

Nyambu hakuutoa mkono. Aliitazama taa ile. Hatimaye akasema kwamba alikuwa anafikiria ingekuwaje kama kura za pembeni zingeingia na rafiki yake akashindwa kwa sababu yake, yeye katibu aliyepewa kulinda mchujo. Hilo tu ndilo alilokuwa akifikiria.

"Najua," Wakesho alisema. "Na wao walikuwa wanafikiria maji."

Nje watu walikuwa wameanza kuimba, watu wa juu upande mmoja na watu wa bondeni upande mwingine. Mwishowe Nyambu aliuliza sheria inasemaje kama kifaa hakikutiwa sahihi. Alikuwa anaijua, lakini alitaka kuisikia. Wakesho akamwambia: kura zote zilizopigwa zinahesabiwa, za kijani na za manjano, kila moja sawa na nyingine.

"Hata za yule fundi wako wa hila?"

"Hata za yule fundi."

"Na kazi yako itakwisha."

"Hii, ndiyo," Wakesho alisema. Alisimama, akanyoosha sketi yake, akachomoa waya wa kipimania ukutani. Alishangaa jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi.

*

Alitangaza mwenyewe, juu ya ngazi za shule, kwa kipaza sauti cha chama. Hakuzungukazunguka. Aliwaambia kwamba alitengeneza kifaa akiamini kinaweza kumjua mtu moyoni, na kwamba leo kimemwonyesha kuwa hakiwezi. Aliwaambia watu wa juu kwamba ndiyo, wapo waliopanda mlima kuwachezea, na kura zao zitahesabiwa. Aliwaambia watu wa bondeni kwamba waliowekwa pembeni hawakuwa waongo na asubuhi hiyo aliwatendea kama waongo, na kwamba anawaomba radhi. Kisha akasema zote zitahesabiwa, mbele ya mawakala, sasa hivi.

Watu wa juu walizomea. Mtu mmoja alirusha chupa tupu, ikaangukia mbali. Mwachofi, mwanamume mwenye kifua kipana na kofia ya pama, alipanda ngazi kwa hasira akitaka kusema, lakini Nyambu akamshika mkono na kumnong'oneza kitu, naye akateremka.

Hesabu ilisomwa jua likiwa bado juu ya vilele. Mwachofi alishinda.

Alishinda kwa kura chache sana. Waliomvusha wangeweza kuenea wote katika safari mbili za gari la kamba. Kila mtu mwenye akili uwanjani pale alielewa zilitoka wapi. Kura za manjano zilikuwa zimempandisha Mkamburi kutoka mbali mpaka akaukaribia ushindi, na Maghanga na wenzake ndio waliomzuia kuufikia.

Wakesho alikuwa amejitayarisha kupoteza kazi. Alikuwa hata amejitayarisha kuitwa msaliti wa watu wa juu. Hakujitayarisha kwa jambo hili, kwamba atende haki yote na haki yenyewe imkabidhi ufunguo mtu yule. Alimtafuta Bi Wawuda kwa macho, akamkuta karibu na matangi, amekaa juu ya jiwe anafunga upya kamba za viatu kwa ajili ya safari ya kurudi. Akamwendea. Akasema pole.

Bi Wawuda alimaliza kiatu cha kwanza kabla ya kumjibu.

"Mama yangu alikufa hajawahi kushindwa katika mchujo wa huku," alisema. "Hakuwahi kuingia. Mimi leo nimeingia, nimehesabiwa, nimeshindwa. Nimeshindwa kama watu wengine wanavyoshindwa." Akakishika kiatu cha pili. "Inauma. Lakini haifanani na ile ya asubuhi."

Kisha akasema kwamba Maghanga atashuka na gari jingine.

*

Tume ilimsimamisha Wakesho kabla wiki haijakwisha. Mkataba wa kaunti nyingine ukawekwa kabatini, vipimania vikarudishwa katika masanduku yao, na gazeti moja likamwita mwanamke aliyebomoa nyumba aliyoijenga. Alilisoma, akaona si kosa sana. Aliandika maelezo yake kwa Tume bila kujitetea wala kujilaumu kupita kiasi, akieleza ni nini kifaa kinapima na ni nini hakipimi, na akashauri kisitumike kumpima mpiga kura yeyote tena. Wahandisi wenzake wawili walimpigia simu kumwambia kasoro ile ingeweza kurekebishwa. Data ikiongezwa kifaa kitajifunza kutofautisha hofu na hila. Aliwaambia huenda wakafaulu, na wakifaulu yeye atakuwa wa kwanza kwenda mahakamani kukizuia. Alikuwa na hakika juu ya hilo kuliko alivyowahi kuwa na hakika juu ya kipimania. Mtu akishakuwa na haki ya kupiga kura, sababu zake ni zake.

Alikuwa anafungasha vitu vyake katika nyumba aliyopanga Irindi wakati Mwachofi alipokuja mlangoni. Alikuja peke yake, amevua pama, akakataa chai. Alionekana mdogo kuliko jukwaani.

Alisema anashuka bondeni siku hiyo. Hajawahi kushuka kuomba kura tangu aingie siasa, hakuwa na haja. Lakini amezitazama zile hesabu kila siku tangu mchujo. Watu wa juu wamegawanyika. Wafuasi wa Mkamburi hawampendi. Chemchemi wamemteua mtu wao na wanapiga kampeni kwa nguvu ambayo hajaiona. Akitaka kuwa gavana sasa, lazima baadhi ya watu wale waliowekwa pembeni wampe kura, na hawatampa mpaka waamini kwamba koki haitajengwa. Alikuwa tayari kuiacha. Alisema amekwisha kuiacha.

Wakesho alimuuliza anataka nini kwake.

"Kile kishikio," Mwachofi alisema. "Najua umebaki nacho kimoja. Twende pamoja. Nitakishika mbele yao nikiahidi, wataona kijani, wataamini."

Wakesho alimtazama mtu yule mkubwa aliyekuwa akigeuzageuza pama mikononi. Hakujua kama alikuwa mkweli. Huenda alikuwa mkweli, huenda alikuwa mwoga, huenda alikuwa vyote viwili, na hapakuwa na shaba duniani ya kumwambia tofauti. Alitambua kwamba hilo halimsumbui tena.

"Sitakibeba," alisema. "Lakini nitakusindikiza."

Walishuka kwa gari la kamba. Upepo ulikuwa na vumbi, na kadiri walivyoshuka ndivyo kijani cha milima kilivyokwisha na udongo mwekundu ukaanza. Mkutano ulikuwa katika kitalu cha Bi Wawuda, maana ndipo palipokuwa na kivuli. Watu walikuwa wamejaa kati ya safu za miche. Maghanga alikuwepo, amekaa nyuma kabisa, peke yake. Bado kulikuwa na watu wasiomsemesha, na alikuwa amekubali. Hapakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Bi Wawuda alimwonyesha Mwachofi mahali pa kusimama, kwenye nafasi tupu kati ya michungwa midogo, kisha akarudi kukaa na wenzake.

Mwachofi alisimama. Alimgeukia Wakesho, na Wakesho akamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba hakuna kitakachomsaidia hapo ila maneno yake, na watu hawa wana haki ya kumwamini au kutomwamini kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Mikono ya mgombea ilikuwa ikitetemeka. Kila mtu aliiona, na hakuna aliyecheka.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

"Anza na maji," Bi Wawuda alisema.